Uzoefu wangu na Subaru STI ya mtumba iliyokimbizwa saketi: ninunue au nisinunue?

Nianze na jibu kabisa maana najua ndilo wengi mnalotafuta. Ndiyo nilinunua, na kama ningetakiwa kuchagua tena leo ningebeba ileile. Ni Subaru Impreza WRX STI ya 2011, injini ya lita 2.5 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), gia sita za mkono, na mwenye gari aliniambia mapema kabla hata sijaiona kwamba ilikua inaenda saketi, yani uwanja wa mbio za magari, na huko haikuonewa huruma. Watu niliowaambia karibu wote walinishauri niachane nayo nitafute iliyotulia. Nawaelewa, ila hii habari ya "imekimbizwa" ina mambo mengi ndani yake, na kuna gari nyingi zinaitwa zimetulia huku ndani zimeshakufa.

Kitu kinachoua injini ya namna hii mara nyingi sio kukanyagwa, ni kukanyagwa ikiwa ya baridi, au ikiwa na oili chache, au ikiwa na mapu ya komputa (maelekezo yake ya petroli na moto wa plagi) iliyotyuniwa na mtu asiyejua anachofanya. Geji ya maji kwenye dashibodi inafika katikati mapema tu wakati oili bado haijapata joto lake, sasa mtu anaona geji imekaa vizuri anakandamiza mpaka mwisho, na hapo beringi za krankshafti zinaumia kila siku kidogo kidogo bila mtu kujua. Huyu jamaa yeye alikua ameweka geji ya joto la oili na geji ya presha ya oili, mzunguko wa kwanza anaenda taratibu, wa mwisho pia taratibu ili tabo ipoe, na akitoka saketi anamwaga oili yote anaweka mpya. Risiti zote za oili na filta alikua nazo kwenye faili na tarehe zinafuatana. Mimi nikiona faili kama lile nashusha pumzi.

Kabla ya hiyo niliangalia nyingine ya aina hiyohiyo, kilomita chache zaidi, rangi inang'aa, viti kama vipya, muuzaji anasema ilikua ya kwendea kazini tu haijawahi kusukumwa. Haya, sevisi ya mwisho ya oili ilifanyika lini? Hajui. Oili gani imo? Hajui. Bomba la moshi limebadilishwa lote mpaka kwenye tabo, nauliza komputa imetyuniwa kuendana na hilo bomba au la, anasema gari alinunua hivyohivyo. Alafu nilivyochomeka kisomeo changu cha komputa ya gari nikakuta vipimo vya kujikagua vya komputa karibu vyote vinasema havijakamilika, maana yake kuna mtu amefuta kumbukumbu au amechomoa betri muda mfupi uliopita. Inawezekana betri ilibadilishwa kweli, sikatai, lakini ukijumlisha na hayo mengine niliondoka. Na zingatia kwamba gari inayoenda kazini umbali mfupi kila siku nayo inaumia kivyake, injini haipati joto la kutosha, petroli inachanganyikana na oili, unyevu unabaki ndani, oili inachoka hata kama kilomita ni chache.

Sasa kwenye hii niliyonunua nilitafuta fundi wangu mwenyewe, sio wa muuzaji, hilo nawasihi msilegeze hata mkibembelezwa vipi. Injini hizi za Subaru zimelala ubavu, plagi zipo pembeni zimebanana na bodi, kwahiyo kupima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda) kunachukua muda na wapo mafundi watakwambia haina haja, nisikilizie tu mlio. Mlio hautoshi! Hii injini ya 2.5 inajulikana kwa ugonjwa wa pistoni, zile kingo nyembamba zinazoshika ringi zinapasuka, hasa ikiwa mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na gari yenye ufa huo inaweza kuwaka vizuri tu na kutembea vizuri tu siku unayoijaribu. Kwahiyo kompresheni ilipimwa silinda zote nne injini ikiwa ya moto, na tulichokua tunatafuta sio namba kubwa bali namba zinazokaribiana, silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi hapo kuna kitu.

Baada ya hapo kikaja kipimo ambacho mimi naona ndio bora kuliko vyote, cha kujaza upepo wa kompresa kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, alafu unasoma upepo unavuja asilimia ngapi. Ikivuja chini ya asilimia 10 injini iko vizuri, ikipita 20 anza kuogopa. Uzuri wake kinakwambia na ugonjwa uko wapi, maana unatega sikio: ukisikia upepo unatokea kwenye mdomo wa kuwekea oili hizo ni ringi au pistoni, ukitokea kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea moshi, upande wa kuvutia hewa ni valvu ya kuingizia, na ukiona mapovu kwenye rejeta basi gasketi ya silinda hedi imeondoka. Yangu silinda zote zilikaa chini ya 10 na hapo ndipo nilipoanza kuiwaza kama gari yangu.

Oili nayo tulichukua sampuli ikapelekwa maabara. Wengi hawajui kama hii huduma ipo na ukilinganisha na kununua injini nyingine ni rahisi sana. Maabara inasoma madini yaliyomo, shaba na risasi zikiwa juu unafikiria beringi, chuma kikizidi unafikiria kuta za silinda, silikoni inaashiria vumbi limepita kwenye filta ya hewa, na wanakwambia pia kama kuna petroli ndani ya oili. Filta ya oili yenyewe tuliikata tukaikunjua karatasi yake kwenye mwanga kutafuta vimeremeta. Hakuna.

Komputa ya gari nayo ina siri zake. Kwenye STI za miaka hii kuna namba mafundi wa kutyuni wanaiita DAM, ikiwa kila kitu kiko sawa inasoma 1, komputa ikisikia mafuta yanalipuka vibaya mara kwa mara inaishusha ili kuchelewesha moto wa plagi kuilinda injini. Unahitaji waya wa kuunganisha na laptop na programu ya kusomea, zipo hata za bure. Yangu ilisoma 1, na nilihakikisha vipimo vya kujikagua vimekamilika, la sivyo hiyo 1 inaweza kua ni ya mtu aliyefuta kila kitu asubuhi. Wenzetu wa Porsche wao wamebahatika zaidi, komputa zao nyingi zinaandika injini ilizungushwa kupita kiwango mara ngapi na kwenye saa ya ngapi ya maisha yake, kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6, na daraja la 4 kwenda juu ndio la kuulizia kwa makini. Maana kuna kosa moja la saketi ambalo hakuna komputa inayoweza kulizuia, mtu anatoka gia ya nne anataka ya tano anaingia ya tatu, magurudumu yanaizungusha injini kwa nguvu na kizuizi kinachokata petroli mizunguko ikizidi hakisaidii kitu. Kama unanunua Porsche omba hiyo ripoti kwanza kabla hujaanza kupenda rangi.

Chini ya gari kuna ushahidi mwingi pia. Niliangalia disiki za breki kama zina nyufa ndogondogo za joto, kwenye yangu zilikuepo na tukakubaliana kwenye bei, hilo ni tunda la kawaida la saketi na disiki zinabadilishika. Kalipa, zile zinazobana pedi kwenye disiki, zilikua zimebadilika rangi kwa joto na raba za kuzuia vumbi kwenye pistoni zake zimekakamaa, nazo nikazihesabia. Oili ya breki usiulize ni ya lini, badilisha tu, maana inavuta unyevu, DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia 230°C ila ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155°C, na kwenye saketi hiyo 155 unaifikia bila shida. Matairi nilisoma zile namba nne za mwisho za tarehe ya kutengenezwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, nikahakikisha yote manne yanalingana kwa saizi na kwa kulika, kwasababu gari hii inavuta magurudumu yote na tairi zikitofautiana mzingo difu ya katikati inafanya kazi muda wote na inakufa mapema.

Kuijaribu barabarani niliomba niikute imelala, ya baridi kabisa, bila kuwashwa kabla sijafika. Bluu kwenye moshi ni oili, mweupe mzito usioisha na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Ilikua safi. Klachi nilijaribu kwenye gia ya juu spidi ndogo nikakandamiza, kama mshale wa mizunguko unapanda na gari haiongezi mwendo klachi inateleza, na hii ilikua inateleza kidogo. Gia ya tatu kwenda chini haraka ilikua inakwaruza ikiwa ya baridi, ikipata joto inaingia vizuri. Hayo mawili niliyaweka mezani na muuzaji hakubisha.

Tangu niwe nayo nimebadilisha klachi, disiki na pedi za mbele, beringi za magurudumu ya mbele na bushi karibu zote za mikono ya chini, yani saketi ilikula vitu vya pembeni na sio injini, kama tulivyokadiria na fundi. Mkanda wa taimingi niliufunga mpya na rola zake zote siku ileile ya kwanza bila kujali historia, maana kwenye injini hii ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Giaboksi bado ina ule mkwaruzo wa asubuhi. Oili nacheki kila nikijaza petroli, inapungua kidogo na naongeza, mwenye uvivu wa kuvuta kijiti cha oili hii gari sio yake kabisa.

Na jinsi inavyoendeshwa aisee! Usukani mzito wenye habari kamili, tabo ikishika unasukumwa kwenye kiti, kona inaishika kama imechorwa kwenye reli. Sijajuta hata asubuhi moja.

Kama gari ndio hiyohiyo pekee ya kukupeleka kazini na huna akiba pembeni inayoweza kulipia injini, usinunue, hata vipimo vikitoka vizuri namna gani, kwasababu vipimo vinakwambia hali ya leo tu. Na kama muuzaji anakataa upimaji wa upepo au anataka fundi awe wa kwake, ondoka bila kugombana. Ila mtu akikwambia wazi ameikimbiza, na ana faili, na anakuachia ufungue plagi, mpe muda wako. Mimi huyu aliyeniuzia bado nampigia nikiwa na swali na anapokea, juzi tu kanielekeza ni filta gani ndogo ya oili iliyofichwa kwenye bolti ya njia inayolisha tabo, ile inayoziba taratibu na kuinyima tabo oili, na wiki ijayo fundi anaifungua.