Tahadhari: makabati ya "mninga chini ya rangi"

Wadau, nimeliwa 650,000. Acha niseme kabla mwingine hajatuma hela.

Kuna muuzaji wa fenicha za zamani hapa Dar anayeposti makabati yaliyopigwa rangi nyeupe, na maneno yake ni yale yale: mninga mtupu wa enzi za wazee, toa rangi upige vanishi. Mimi sikununua picha, nilienda kuliona. Mlangoni alishakwangua kidirisha cha ukubwa wa kiganja, na ndani yake ni mninga kweli, ule wekundu wa kahawia wenye michirizi myeusi. Nikalowesha kidole kwa mate nikasugua, rangi ikawaka. Nikalipa.

Akasema ana fundi wake, kwa 120,000 analichukua na kulirudisha likiwa safi. Nikakataa, maana kazi hiyo napenda kuifanya mwenyewe.

Jumamosi nikapaka dawa ya kutoa rangi, nikaiacha ivimbe, nikaanza kukwangua. Nyeupe ikatoka, chini yake bluu, chini ya bluu puti nene kama ukoko wa ugali. Chini ya puti? Mbao ya njano yenye macho meusi. Paina! Mbavuni hata mbao hakuna, ni MDF, ule ubao wa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi, na nilipoosha dawa kwa maji ikafura kama andazi. Kurudi mlangoni, ule mninga ni kiraka chembamba kilichochimbiwa na kugundishwa, gundi inaonekana pande zote nne.

Sasa ndiyo nikamwelewa yule fundi wa 120,000. Angepaka paina rangi ya kahawia, vanishi juu, na mimi ningekuwa najisifu kwa wageni mpaka leo.

Nilipompigia muuzaji: "Dada, wewe ulinunua kabati, hukununua mbao." Kisha akanibloku.

Kwa hiyo kidirisha alichokwangua muuzaji msikihesabu. Sehemu ya kukwangua chagua wewe, kwa wembe, chini ya mguu au nyuma ya mlango, akigoma, ondoka. Chomoa droo uigeuze, kule nyuma wapaka rangi huwa wavivu na mbao inajionyesha. Nyanyua mlango pia, mninga una uzito wake. Kama limeshatolewa rangi na linang'aa, chovya kitambaa kwenye tina usugue kona iliyojificha. Kahawia ikihamia kitambaani na mbao ikabaki nyeupe, umeshajua.

Na mnaopenda kukwangua wenyewe kama mimi: rangi za mafuta za zamani nyingine zina madini ya risasi (lead), na vumbi lake ni sumu. Msipige msasa mkavu, hasa watoto wakiwa karibu.

Jana nimeangalia ukurasa wake kwa simu ya mdogo wangu. Ameposti lingine, la kijani safari hii, kidirisha kiko mlangoni palepale.