Injini ya Camaro ya 1969: spea gani ununue kwanza

Ukifungua boneti ya Camaro ya 1969 iliyojengwa kwa mtindo wa enzi zake, injini inatakiwa ionekane kama ya kijana wa Marekani wa wakati ule: kalinunua gari jipya, kisha akaliongezea vitu viwili vitatu vya kukimbizia. Hapa nazungumzia V8 ndogo ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, kwa kuwa spea zake ndizo zilizojaa sokoni. Nimepanga kuanzia pale ambapo pesa yako inafanya kazi zaidi.

1. Silinda hedi. Hapa usibane mkono. Za zamani zinazosakwa zaidi zina alama ya nundu mbili kwenye ncha zake, na namba yake ya kiwandani huishia na 461, 462 au 186. Kwa Camaro ya 1969 chagua 186, maana ina matundu ya mbele ya kufungia oltaneta. 461 na 462 hazina, na utahangaika kuunda vyuma vya kuishikilia. Ila zote tatu zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, kwa hiyo siti za valvu za kutolea moshi hubadilishwa ziwekwe ngumu. Usilipe kabla fundi hajazipima nyufa. Ukijumlisha siti, vijiti vya kuongozea valvu na springi mpya, gharama inaweza kuzidi hedi mpya za alumini. Ndiyo maana kwa gari la kuendeshwa kila wiki naweka alumini nafasi ya kwanza, nikizipaka rangi ya chungwa ya Chevrolet. Kwa gari la maonyesho, 186 haina mpinzani.

2. Kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu. Wengi hukimbilia ile ya Z/28, Camaro ya mashindano, inayoitwa 30-30, kwa sababu ya sifa zake. Jina linatokana na upana wa mwanya wa valvu, sehemu 30 za elfu moja ya inchi. Katika Z/28 iliendesha injini ya 302 iliyopenda resi za juu. Ukiiweka kwenye 350 yenye giaboksi ya otomatiki, gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa. Mimi naiweka ya tatu. Ya kwanza ni ile ya L79, injini ya 327 yenye nguvu za farasi 350: tapeti zake ni za haidroliki, zinajirekebisha zenyewe, inavuta tangu chini, na kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) inatikisika kidogo tu, mtikisiko mtamu masikioni. Ya pili ni ya LT-1 ya 1970, injini ya 350 ya kukimbiza, kama una gia nne za mkono na uko tayari kurekebisha tapeti mara kwa mara.

Zote hizi hutumia tapeti bapa. Weka oili yenye zinki ya kutosha, na siku ya kwanza injini ikiwaka ipandishe mizunguko 2,000 kwa dakika na uiache huko dakika 20. Ukiiacha sailensa, kamshafti mpya inaweza kulika siku hiyo hiyo.

3. Kabureta. Piga hesabu kabla ya kununua: 350 mara mizunguko 6,000, gawanya kwa 3,456. Unapata futi za ujazo 607 za hewa kwa dakika, na injini ya barabarani hainywi zote. Chukua asilimia 85, kama 516. Holley ya 600 inatosha kabisa. Rochester Quadrajet inafuata, ndiyo iliyokuja na SS 350 kutoka kiwandani. Holley ya 780 iache kwa mwenye kamshafti ya LT-1.

4. Manifoldi ya kuingizia hewa na mafuta. Ile ndefu ya alumini ya Z/28, au Edelbrock C4B ukiipata mtumba. Zote mbili nzuri.

5. Moto. Baki na distribyuta ya Delco-Remy yenye kidirisha. Pointi (platini) zikikuchosha, kuna kifaa cha kielektroniki kinachojificha chini ya kofia yake, mtazamaji asijue. HEI, distribyuta ya kielektroniki ya GM, inawasha vizuri sana, lakini ilikuja katikati ya miaka ya 70, na kofia yake pana inaharibu sura yote uliyoijenga.