DCC-EX kwenye Arduino Mega: hii reli ya programu ndo imenimaliza kabisa

Oya wadau, karibuni tena, leo mezani kuna ile kitu mmekuwa mnaniulizia kwenye komenti tangu ile video ya ganda la mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR, bwana we unaziendeshaje hizo treni ndogo za mfano kwa simu, kontrola ya kampuni gani, umenunua wapi. Haya, hii hapa. Ngoja nisogeze kamera. Bodi mbili zimepandana, ya chini Arduino Mega 2560, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, ya juu shildi ya mota, ile inayosukuma umeme relini, waya wa USB, waya wa umeme, basi. Hamna boksi, hamna kioo, hamna kitufe hata kimoja. Ndani imewekwa programu inaitwa DCC-EX, ya bure kabisa, na mi saivi sitaki kusikia habari ya kontrola ingine. Au tuseme karibu sitaki, tutafika huko.

Mambo ya DCC, hii njia ya kuendesha treni za mfano kwa amri za kidijitali, siyarudii, mnajua, umeme uko relini muda wote na kila kichwa cha treni kina dekoda yake, chipu ya ndani, inayosikiliza namba yake tu. Kitu kimoja nataka mkishike, hii DCC ilianzia kwa kampuni ya Lenz kule Ujerumani, alafu NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, wakaifanya kanuni ya wote miaka ya 1990, kwaiyo dekoda ya kampuni yoyote inayofuata kanuni inaelewana na kontrola yoyote inayofuata kanuni. Ndo maana jamaa anaitwa Gregg Berman mwaka 2015 akaweza kukaa na Arduino akaandika DCC++ mwenyewe, na kutoka hapo watu wakajikusanya wakatengeneza hii DCC-EX. Hamna mtu wa kumwomba ruhusa. Hiyo naipenda sana.

Sa tuifunge. Mega unaipata kwenye maduka ya elektroniki, shildi pia, ile ya L298, hakikisha ni ile ya umbo la Arduino R3 inayokaa juu ya Mega, siyo ile bodi nyekundu ndogo ya kufunga kwa waya, wauzaji wengi watakupa ile nyekundu wakakwambia ni ileile, siyo ileile. Kabla hujaipandisha igeuze, huku nyuma, unaona hapa pameandikwa Vin Connect? Hako kanjia kadogo ka shaba unakakata na kisu, taratibu, kata mpaka uhakikishe na mita kwamba hakasomi tena. Kazi yake ilikuwa kupeleka umeme wa reli uende pia kwenye Arduino, na Arduino Mega inapendekezwa volti 7 mpaka 12 wakati sisi relini tunataka kama 14, ukiacha hivohivo ile regyuleta yake ya kushusha volti inachemka. Kama unaogopa kukata, kunja kile kipini cha Vin kisiingie kwenye tundu. Matokeo ni yaleyale.

Umeme wenyewe, adapta ya DC volti 12 mpaka 15, kwa HO, treni za kipimo cha 1 kwa 87, inatosha kabisa. Naona watu wanaitamani chaja ya laptopu kwa sababu iko nyumbani, ile ni volti 19, ni nyingi mno, iacheni. Adapta inaingia kwenye skrubu za shildi, Arduino inakula kwenye USB. Alafu shildi ina sehemu mbili za kutolea umeme, toleo A linakwenda reli kuu, toleo B linakwenda reli ya programu, kipande cha kusomea na kuandikia mipangilio ya dekoda. Kumbukeni hilo B maana leo video nzima iko hapo.

Kuweka programu sitakaa sana, unashusha EX-Installer, iko ya Windows, Mac na Linux, unachomeka USB, inaiona Mega, unachagua shildi ya kawaida, unachagua kama una Wi-Fi au huna, unabonyeza, unasubiri, kwisha. Mi nina kale ka-ESP8266 ka Wi-Fi pembeni. Ukiwasha itatokea kwenye simu Wi-Fi mpya inaanza na DCCEX na mstari wa chini na herufi sita, neno la siri ni PASS na mstari wa chini na herufi zilezile sita. Kwenye Android unashusha Engine Driver, bure, na isipojiona yenyewe unaandika 192.168.4.1, bandari 2560. Na ZIMA DATA. Nusu ya komenti za "kaka haiunganishi" ni hapo, simu inaona hii Wi-Fi haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye bando lako, we unabonyeza kichwa hakisogei unaanza kulaumu bodi. Zima data kwanza.

Haya. Sa nilichowaitia.

Hiki kichwa nimekipata mtumba, aliyeniuzia hajui namba yake. Kikitoka kiwandani ni namba 3 lakini mtumba ushabadilishwa na nani anajua. Kwenye kontrola nyingi za kuanzia hapa ndo shughuli inapoanza. Mimi nakiweka hapa, hiki kipande kifupi cha reli, kimetengwa kabisa na reli kuu, hamna muungano hata kwa bahati mbaya, mapengo pande zote mbili. Nafungua EX-WebThrottle kwenye Chrome, iko kwa USB, kuna sehemu ya kuandika amri, naandika <R> tu. Herufi moja. Angalieni kichwa, msiangalie kompyuta. Umeona? Kimeshtuka. Tena. Kile kimtikisiko ndo dekoda inajibu, haina waya mwingine wa kuongea wala redio, inachofanya inawasha mota kidogo ivute kama miliampia 60 kwa milisekunde 6 hivi, na bodi inaona umeme umepanda inajua jibu ni ndiyo. Inauliza tena, inajibu tena, mpaka namba inapatikana. Na hiyo hapo, imeandika, 1127. Mi nikiangalia hiki kitu hata sichoki.

Sa nataka kiwe 2205. Naandika <W 2205>. Kinashtuka shtuka... imekubali. Mnajua imefanya nini hapo? Dekoda inaweka mipangilio yake kwenye visanduku vyenye namba, vinaitwa CV, namba ndogo mpaka 127 inakaa CV1, namba ndefu inagawanywa inakaa CV17 na CV18, alafu lazima CV29 iambiwe kwamba tunatumia ndefu, na hiyo CV29 ina mambo mengine ndani yake ya mwelekeo na hatua za spidi, ukiikosea kichwa kinarudi nyuma ukikiambia mbele. Zamani tunapiga hesabu kwenye karatasi. Hii inafanya yote yenyewe kwa amri moja.

Tuendelee, hiki kichwa kinaondoka kwa kuruka, sipendi, treni yenye mabehewa mazito haiondoki hivo. CV3 ni kuongeza mwendo, CV4 kupunguza. <W 3 20>. Kwa hesabu ya kanuni unazidisha ile namba na 0.896, kwaiyo 20 ni kama sekunde 18 toka kusimama mpaka mwendo wa mwisho. <W 4 15>, huku kama sekunde 13. Na sa tamu yenyewe, naandika <1 JOIN>. Reli ya programu na reli kuu saivi zinapata amri zilezile, nachukua simu, naita 2205, nasukuma... angalia kinavyojivuta. Taratibu. Kinatoka kwenye kipande cha programu, kinavuka pengo, kimeingia reli kuu, sijakigusa kwa mkono. Toka mtumba usiojulikana mpaka kazini, na vichwa vyangu vingine vyote viko palepale relini havijaguswa namba.

Mnaona kwa nini napiga kelele? Chukua kontrola ya NCE Power Cab, kitu kizuri, kimeshikika, kina kigurudumu cha dole gumba nakipenda sana, lakini kina toleo moja la reli, ukiingia sehemu ya reli ya programu basi reli yako yote inakuwa ya programu, inabidi utoe vichwa vyote ubakishe kimoja, usipotoa vyote vinaandikwa namba moja. Au ununue kifaa kingine cha kubadilishia. Huku toleo la pili lipo toka mwanzo.

Na faida ingine, hili B limewekewa kikomo cha miliampia 250. Ukimaliza kuchomelea dekoda mpya usiende nayo reli kuu hata kama unajiamini, ianzie hapa, kama waya umegusana pasipotakiwa, umeme unakatwa kabla dekoda haijaungua, na dekoda ya sauti ni hela nyingi. Ila zile zenye kapasita kubwa za kuvumilia reli chafu, zikianza zinanyonya umeme kuliko kikomo na zinagoma kusomeka, hapo andika <D PROGBOOST> kwanza alafu jaribu tena.

Sa linaloniudhi, na linaniudhi kweli. <W> kubwa ni reli ya programu. <w> ndogo ni reli kuu, na ndogo inataka namba ya kichwa kwanza, kwa mfano <w 2205 3 20>, na yenyewe haikujibu chochote, imeandika haijaandika we tazama mwendo wa treni ujue. Kazi mbili tofauti kabisa zimetenganishwa na ukubwa wa herufi! Mtu anayefundisha mtoto wake wa miaka kumi hapo anapata tabu bure. Ndiyo, unaweza kufunga JMRI, programu ya kuendeshea treni za mfano, kwenye kompyuta ukapata kurasa nzuri za kubonyeza na usione amri hata moja, mi wageni nawaambia waanzie huko, lakini hiki kitu kilitakiwa kiwe maneno mawili tofauti toka siku ya kwanza. Afadhali <!> inakumbukika, hiyo inasimamisha treni zote kwa mara moja, ikaririni.

Umeme kukatika, mmeuliza pia. Ikizima na kuwaka tena, reli haziwaki zenyewe, mpaka utoe amri <1> au ubonyeze kwenye simu. Kwaiyo umeme wa nyumbani ukirudi usiku wa manane treni haikimbii peke yake. Kwa huku kwetu hilo ni jambo kubwa.

Na wenye vichwa vya zamani visivyo na dekoda, msivitupe, unaandika <= B DC 5> na lile toleo B linageuka umeme wa kawaida wa DC, unakiendesha kwa simu ukiita namba 5. Ila usiweke cha dekoda humo wakati huo.

Bei. Mega na shildi, hata ukiongeza adapta na kale ka Wi-Fi, bado uko chini ya dekoda moja nzuri ya sauti. Kontrola ya Z21 nyeusi ya Roco ni mia kadhaa za euro kabla ya usafiri na ushuru. Siiponda, ile programu yao ya simu inayoonesha chumba cha dereva na geji zinazocheza hakuna wa kuifikia, na ina nguvu ya kuendesha vichwa vingi kuliko hii, maana shildi hii kwenye karatasi ni ampia 2 kila toleo na mi siishauri uikamue mpaka hapo, vichwa vitatu vinne vya HO basi. Lakini ndugu zake wadogo, ile z21 start, kutumia Wi-Fi kumefungwa mpaka ununue namba ya siri ya kufungulia. Sasa hiyo na hii ya bure, chagua.

Nilisema mwanzo sitaki ingine, ila kadiri ninavyoongea naona niwe mkweli kwa ambao hamtaki kukata njia za shaba wala kushika mita. Kuna EX-CSB1, bodi imekamilika, Wi-Fi ndani, kioo kidogo kinaonesha hali, matoleo mawili yenye nguvu kuliko shildi hii, programu ileile, amri zilezile. Ukiwa na ndugu nje anakuja, mwagizie hiyo. Ningekuwa naanza leo na hela ipo, ningechukua hiyo. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye Mega kabatini, hii hii.

Na yule aliyeuliza reli gani inafanana na SGR yetu, HO ya kawaida, milimita 16.5, zidisha mara 87 unapata 1,435 na ushee, ndo SGR. Reli ya kati ya mita moja na TAZARA ya 1,067 zote unatumia reli ya milimita 12. Kontrola haijali, ni ileile.

Video ijayo ni EXRAIL, ile ya kuandika ratiba treni ijiendeshe yenyewe, isimame stesheni isubiri mwenzake ipite, nshaanza kufunga sensa. Laivu tumehamishia Jumamosi usiku kwa sababu mchana fundi wa jirani ana grainda. Kama hujasabskraibu bonyeza, na orodha ya vifaa iko hapo chini na picha ya ile njia ya Vin Connect kwa karibu, muiangalie kabla hamjashika kisu, na mkishakata niandikieni mita imesoma nini.