Kihisi cha sukari cha siku 14: uzoefu wangu Nairobi

Nina kisukari aina ya kwanza na najidunga insulini kila siku, kwa hiyo kupima kidoleni ni jambo nililolizoea. Kilichonisukuma kununua kihisi cha mkononi ni namba za asubuhi. Nalala na sukari ya 7 (mmol/L), naamka na 12, na hata nikipunguza ugali wa jioni hali ni ileile.

Kukivaa ni rahisi. Unapangusa nyuma ya mkono kwa spiriti, unaacha pakauke kabisa, halafu unakandamiza kifaa cha kupachikia mpaka kilie tak. Uchungu wake haufikii hata ule wa kudunga kidole. Ndani ya ngozi kunabaki uzi mwembamba, juu kidude cha duara kama sarafu. Aina niliyovaa huanza kusoma baada ya saa moja. Unasogeza simu karibu, unapata namba. Simu lazima iwe na NFC, yaani uwezo wa kusoma kifaa kilicho karibu nayo bila waya, na nyingi za bei nafuu hazina, kwa hiyo kagua kabla hujalipa.

Mimi nilichokipenda zaidi ni mshale. Stripu, ile karatasi ya kupimia damu ya kidole, ikisema 5.6, hujui kama unapanda au unashuka. Lakini 5.6 yenye mshale wa kwenda chini, nami niko ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, hiyo ni habari nyingine kabisa. Natoa glukosi mkobani kabla sijaanza kutetemeka.

Na zile namba za asubuhi? Grafu ilionyesha mstari umetulia usiku, kisha unaanza kupanda mwendo wa saa kumi alfajiri, tumbo likiwa tupu. Daktari aliitazama, akanieleza kwamba saa hizo homoni huchochea ini kumwaga sukari kwenye damu. Akarekebisha insulini yangu ya usiku, na ugali ukarudi sahanini.

Stripu lakini usizitupe. Kihisi hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari huchelewa dakika kadhaa kufika huko. Usiku mmoja kengele ya sukari kushuka ililia: 3.3. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikangoja dakika 15. Simu bado inasema 3.4, na mume wangu ameshashika chupa ya soda.

“Mama Amani, kunywa na hii.”

“Ngoja kwanza nidunge kidole.”

Kidole kikatoa 5.1. Ile soda ingenipandisha vibaya sana. Jambo lingine, ukiulalia mkono wenye kihisi, kinaweza kusoma chini kuliko hali ilivyo.

Gundi nayo inahitaji kuangaliwa. Mkanda wa mkoba ulianza kubandua ukingo, nikazungushia plasta ya kitambaa, kikakaa hadi mwisho.

Bei ndiyo inayouma. Pesa ya kihisi kimoja ingeninunulia pakiti kadhaa za stripu, na siku 14 zikiisha hakina kazi tena. Kuvaa mwaka mzima siwezi. Maduka ya dawa hapa mjini hayalingani bei, kwa hiyo piga simu kwa machache, na uulize tarehe ya mwisho ya matumizi. Anayetumia vidonge tu na sukari yake imetulia, sioni kwa nini ajibane hivyo, glukomita, kile kipimo cha kidole, inamtosha. Lakini wewe wa insulini, hasa kama sukari hukushukia usingizini, jitahidi upate hata kimoja. Changu kinachofuata nitakivaa wiki mbili kabla ya kliniki, ili daktari aione grafu nzima.