Vikombe vya Snoopy vya Fire-King: tazama rangi kabla ya mwaka

Katika vyombo vyote vya zamani vyenye wahusika wa katuni, sijaona vinavyofikia vikombe vya kioo cheupe vya Fire-King, kazi ya kampuni ya Anchor Hocking ya Marekani. Kioo ni kinene, kishikio kinashikika vizuri, na mistari ya Charles Schulz, mchoraji wa mbwa Snoopy na katuni nzima ya Peanuts, imebaki na uhai wake hata juu ya kioo.

Kinachopotosha wanunuzi ni mwaka. Karibu na picha utasoma 1958 au 1965, na wauzaji hutangaza kwamba ndipo kilipotengenezwa. Hapana, hiyo ni hakimiliki ya mchoro; kikombe chenyewe chaweza kuwa cha miaka ya 1970. Soma na kitako. Chombo chenye maandishi ya Peanuts Worldwide, kampuni ya haki za katuni hiyo iliyoundwa 2010, hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo, hata muuzaji aape.

Thamani yenyewe iko kwenye rangi. Kiinamishe kikombe chini ya taa: rangi nzima hung'aa. Iliyofifia na kuwa kavu kama chaki kwa kawaida imepitia mashine ya kuoshea vyombo, kwa kuwa alkali ya sabuni yake pamoja na joto huila rangi taratibu. Ikishaliwa hairudi, na kuipaka upya ni kuharibu zaidi. Cha namna hiyo mimi sinunui hata kwa bei ya kutupa.

Pitisha kidole ukingoni, maana vipengo vidogo hujulikana kwa kidole kabla ya jicho. Kigonge kwa ukucha. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Kagua hasa pale kishikio kinapoungana na kikombe.

Kuosha ni kwa mkono, maji vuguvugu na sponji laini. Madoa ya chai yaliyo ndani huondoka kwa uji mzito wa soda ya kuokea ukiachwa dakika 15. Usiufikishe kwenye picha. Maji yanayochemka yasiingie kwenye kikombe baridi, chaweza kupasuka.

Kuhusu kunywea, nashauri kiwe cha rafuni. Rangi za vyombo vya enzi hiyo mara nyingi zina metali zenye sumu, yaani madini ya risasi au kadimiamu, na picha ikifika milimita 20 za juu hugusana na midomo. Mtoto asipewe kabisa.

Ukiagiza kutoka mbali, mwambie muuzaji ajaze karatasi ndani ya kikombe na kwenye uwazi wa kishikio pia. Wengi huzungushia nje tu, nacho hufika kishikio kimekatika.