Rangi ya nembo kwenye printa ya mabango: jina la Pantone au chati yako?

Mteja akisema nembo yake ni PANTONE 485 C, yaani nyekundu fulani katika mfumo wa rangi zenye majina wa Pantone, fundi ana njia mbili. Anaweza kuiacha rangi kwenye faili kwa jina lake kamili. Programu ya RIP, inayogeuza faili kuwa maagizo ya wino kwa printa, huchukua thamani zake za Lab (namba zinazoeleza rangi jinsi jicho linavyoiona) na kutafuta mchanganyiko wa wino kupitia profaili ya ICC, yaani faili inayoeleza printa hutoa rangi gani kwenye kitu kinachochapwa. Au achape chati ya vibao vya rangi vinavyokaribiana, kwa printa ileile na stika ileile, kisha achague kinachofanana zaidi na sampuli ya mteja.

Jina ni la haraka, na kazi ikihamia printa nyingine bado lina maana. Ila likikosewa herufi moja, RIP haitambui kitu: inachapa rangi mbadala iliyomo kwenye faili. Tena linategemea profaili. Ya stika ukiitumia kwenye turubai, nyekundu inapotoka.

Chati inakula stika na muda, lakini inaonyesha printa inaweza nini hasa. Kwa Orange 021, chungwa kali la Pantone, naiamini zaidi, maana sayani, majenta, njano na nyeusi haziifikii; mteja achague iliyo karibu na kuisaini mapema. (Afadhali anune siku hiyo kuliko siku ya kuchukua mzigo.) Wino ukauke kwanza, na vibao vitazamwe kwenye mwanga wa 5000 K (mweupe kama wa mchana).

Kazi za mara moja nazipa jina. Mteja wa kudumu namchapia chati, na kibao kilichoshinda nakihifadhi ndani ya RIP kwa jina la rangi yake. Wino au stika vikibadilika, narudia chati.