Akili ya kawaida na busara: mahindi au mtama?

Watu wengi huchanganya akili ya kawaida na busara. Ya kwanza haihitaji mwalimu: wingu likitanda unaanua nguo, korongo likijaa maji huvuki. Busara inatakiwa pale njia zote mbili zinapoonekana sawa, na hapa Dodoma pa kuipimia ni shambani.

Mahindi yana hoja zake. Ugali wake mweupe watoto wanaupenda, na wanunuzi hawakosekani. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na mara nyingi hukatika Februari. Ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, wiki mbili tatu za jua kali zinatosha kukuachia mabua matupu. Nimeyaona mashamba hayo, yanaumiza moyo.

Mtama huusubiri ukame. Hukunja majani, husimama kukua, mvua ikirudi huendelea. Tabu yake ni kweleakwelea: usipoamia ndege kuanzia alfajiri, wanamaliza.

Mimi huchagua mtama kwa sehemu kubwa ya shamba, mahindi kidogo bondeni kwenye unyevu. Jirani akiniambia, "Mwaka jana mahindi yalikubali," namwuliza, na miaka iliyotangulia je? Akili ya kawaida huangalia msimu uliopita. Wazee wa Kigogo walioshikilia mtama na uwele walikuwa wakikumbuka misimu mingi, pamoja na ile ya njaa.